Programu ya kupakua mafaili: Irekebishe mipangilio kabla haijamaliza bando lako

Na MWANDISHI WETU

PROGRAMU ya kupakua mafaili kutoka makundi ya habari ya intaneti humfikia mtumiaji ikiwa tayari imepangwa na wale walioiunda. Mpangilio huo wa awali unamfaa mtu aliye na stima isiyopotea, intaneti isiyopimwa na diski pana isiyojaa upesi.

Mkazi wa Thika, Juja au Ruiru aghalabu hana vyote vitatu kwa pamoja. Huenda ananunua data kwa bando, au anagawana laini moja ya faiba na majirani wa ploti. Stima hupotea bila taarifa, na kompyuta yake huenda ni ya mitumba, yenye diski iliyokaribia kujaa.

Ndiyo maana kazi ya kwanza baada ya kuisakinisha programu ya aina hii si kupakua chochote. Kazi ya kwanza ni kufungua ukurasa wa mipangilio ya jumla na kuieleza programu hali halisi ya mahali ilipo: kasi ya laini, ukubwa wa bando, nafasi ya diski na watu wanaotumia mtandao huo huo.

Anayeipuuza hatua hii huenda akagharimika. Laini yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde inaweza kulimaliza bando la gigabaiti 5 kwa muda wa saa moja na dakika saba hivi, ilhali mwenye bando amelala.

Makala haya yanaeleza mipangilio hiyo hatua kwa hatua kwa kutumia mfano wa SABnzbd, programu isiyolipiwa ambayo hutumika katika Windows, macOS na Linux. Programu nyingine za aina hii zina mipangilio inayokaribiana nayo, hata kama majina yake yanatofautiana.

MFUMO WENYEWE

Makundi ya habari ni mfumo mkongwe kuliko tovuti. Wazo lake liliasisiwa mwaka wa 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, nalo likapewa jina la Usenet. Wakati huo tovuti tunazozifahamu leo zilikuwa bado hazijabuniwa. Zilikuja zaidi ya miaka kumi baadaye.

Katika mfumo huo, ujumbe uliotumwa kwa seva moja hunakiliwa na seva nyingine, kisha nyingine, hadi ukaenea kote. Mwaka wa 1986 zilichapishwa kanuni zinazoitwa NNTP, ambazo hadi leo ndizo zinazoongoza mazungumzo baina ya programu ya msomaji na seva.

Usenet ilikusudiwa maandishi tu. Ili faili kubwa lipite humo, sharti likatwe vipande vidogo vidogo na kila kipande kigeuzwe kiwe na sura ya maandishi. Mbinu za awali za kufanya hivyo ziliongeza ukubwa wa faili kwa thuluthi moja au zaidi. Mwaka wa 2001 Mjerumani Jürgen Helbing alitoa mbinu ya yEnc, ambayo huongeza takriban asilimia 2 pekee.

Anayepakua huhitaji kwanza faili dogo la aina ya NZB. Hili si faili lenyewe analolitafuta, bali ni orodha ya vipande vyake vyote. Lifananishe na karatasi anayopewa utingo wa lori, ikionyesha kila gunia lipo katika ghala gani. Programu husoma orodha hiyo, huvileta vipande kimoja kimoja, huviunganisha, na iwapo vichache vimepotea huvikarabati kwa msaada wa mafaili ya aina ya PAR2.

Seva zenye hifadhi kubwa ya vipande hivyo kwa kawaida ni za kulipia. Baadhi hutoza ada ya kila mwezi, na nyingine huuza kiasi maalum cha gigabaiti ambacho mteja hukitumia hadi kiishe. Aidha, tangu Februari 22, 2024, huduma ya Google Groups haipokei tena ujumbe mpya wa Usenet, hivyo njia hiyo ya bure iliyozoeleka na wengi imefungwa.

SOMO KUTOKA NAIROBI

Desturi ya kukusanya ujumbe na kuuleta kwa mkupuo si ngeni nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya nchi kuunganishwa moja kwa moja na intaneti, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi lilikuwa na kituo cha FidoNet kilichowasiliana na GreenNet ya London kupitia laini ya simu ya kawaida.

Ujumbe uliandikwa, ukawekwa kwenye foleni, kisha ukasafirishwa wote kwa pamoja simu ilipopigwa. Kila dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa na gharama yake, kwa hivyo aliyesimamia kituo alilazimika kuamua nini kipite, kwa kiasi gani na saa ngapi.

Kampuni za kwanza za kuuza huduma ya intaneti kwa umma zilianza kazi mwaka wa 1995, na mnamo 1998 shirika la posta na simu la wakati huo likazindua Jambonet. Hata hivyo, mawasiliano na ng'ambo yaliendelea kutegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ghali, hadi mwaka wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa.

Kasi imeongezeka mno tangu hapo, lakini maswali ni yale yale ya kituo cha Nairobi: nini, kiasi gani na saa ngapi. Tofauti ni kwamba leo majibu huandikwa katika ukurasa wa mipangilio, na usipoyaandika wewe, programu itatumia yale iliyokuja nayo.

ANWANI NA NYWILA

SABnzbd haina dirisha lake kama programu nyingi. Ukiiwasha, hufunguka ndani ya kivinjari chako cha kawaida kupitia anwani 127.0.0.1 na lango nambari 8080. Alama ya gurudumu lenye meno hukupeleka kwenye mipangilio, na ukurasa unaotufaa kwanza ni ule ulioandikwa General.

Anwani 127.0.0.1 humaanisha "kompyuta hii hii". Maadamu imebaki hivyo, hakuna mtu mwingine awezaye kuufungua ukurasa wako kutoka mashine yake. Ukiibadilisha kuwa 0.0.0.0 ili uitumie programu kupitia simu yako, unaufungua mlango kwa kila aliyeunganishwa na Wi-Fi hiyo.

Katika nyumba ya familia jambo hilo huenda lisiwe na uzito. Lakini katika mabweni ya kupanga yanayokizunguka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja, au katika ghorofa ya Ruiru ambako wapangaji kadhaa hutumia kifaa kimoja cha Wi-Fi, mlango huo uko wazi kwa watu usiowajua. Anayeingia anaweza kuongeza kazi kwenye foleni, kufuta ulichokipakua au kuimaliza akaunti ya seva uliyoilipia.

Kwa hivyo, iache anwani kama ilivyo isipokuwa una haja ya kweli ya kuibadilisha. Ukiibadilisha, jaza papo hapo jina la mtumiaji na nywila katika nafasi zilizopo kwenye ukurasa huo huo, kisha uiwashe programu upya ili mabadiliko yaanze kufanya kazi.

Ukurasa huo pia huonyesha mfuatano mrefu wa herufi na nambari, ambao ni ufunguo wa programu. Programu nyingine ikiwa na ufunguo huo inaweza kuiamrisha yako. Usiupige picha ukurasa huu na kuisambaza katika kikundi cha WhatsApp unapotafuta msaada. Ikiwa umekwisha kufanya hivyo, kipo kitufe cha kutengeneza ufunguo mpya, na ule wa zamani hufa mara moja.

Naye anayeshawishika kuchungulia kompyuta ya jirani akumbuke kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa mtu mwingine bila idhini.

KASI: BITI SI BAITI

Hapa ndipo watumiaji wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani kwa urahisi.

Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde. Programu za kupakua, ikiwemo SABnzbd, huhesabu kwa megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Basi laini ya megabiti 10 kwa sekunde hupitisha, ikifanya vyema kabisa, megabaiti 1.25 kwa sekunde na si zaidi.

Ukurasa wa mipangilio ya jumla una nafasi mbili zinazohusiana. Ya kwanza hutaka kasi ya juu kabisa ya laini yako. Ya pili hutaka asilimia ya kasi hiyo ambayo programu inaruhusiwa kutumia.

Tuseme mtumiaji wa laini ya megabiti 10 anaandika 10M katika nafasi ya kwanza na asilimia 50 katika ya pili, akiamini kuwa amewaachia wenzake nusu ya laini. Kwa hakika ameiambia programu itumie megabaiti 5 kwa sekunde, yaani megabiti 40, mara nne ya uwezo wa laini nzima. Programu haitazuiwa na chochote, na wenzake watashangaa kwa nini masomo yao ya video yanakatikakatika.

Jibu sahihi ni kugawanya kwa nane kabla ya kuandika. Laini ya megabiti 10 iandikwe 1.25M, na ya megabiti 20 iandikwe 2.5M. Baada ya hapo asilimia 50 itakuwa nusu ya kweli. Yaliyomo yatachelewa kufika, lakini yatafika, na amani ya nyumba itadumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nafasi nyingine katika ukurasa huu huhusu kiasi cha kumbukumbu ya muda ambacho programu itatumia kuvihifadhi vipande kabla ya kuviandika kwenye diski. Kumbukumbu hiyo hufutika stima inapopotea, na vipande vilivyokuwa humo huenda vikalazimika kupakuliwa upya kwa gharama ya data yako. Kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 pekee, megabaiti 200 hivi zinatosha.

FOLDA NA NAFASI YA DISKI

Ukurasa unaofuata, ulioandikwa Folders, huuliza mahali pa kuweka kazi. SABnzbd hutumia folda mbili: moja ya muda kwa vipande vinavyoendelea kuwasili, na nyingine ya mafaili yaliyokamilika.

Mafaili makubwa aghalabu huja yakiwa yamefungwa kama mizigo. Yakishafika, programu huyafungua, na kwa muda fulani diski hubeba nakala mbili: iliyofungwa na iliyofunguliwa. Faili la gigabaiti 4 huhitaji takriban gigabaiti 8, na inafaa kuacha nafasi ya ziada kwa ajili ya ukarabati.

Diski ikijaa katikati ya shughuli hiyo, kazi hukwama. Mbaya zaidi, ikiwa ni diski ile ile inayobeba Windows, kompyuta nzima hulemaa na huenda hata mtihani au ripoti uliyokuwa ukiiandika ikashindwa kuhifadhiwa.

Kinga yake imo katika ukurasa huo huo. Kuna nafasi ya kuandika kiwango cha chini cha nafasi huru. Ukiandika 5G, programu itajisimamisha yenyewe diski inapobakisha chini ya gigabaiti 5. Kuna pia kisanduku cha kuiruhusu iendelee yenyewe nafasi ikipatikana tena.

Folda ya muda na iwe kwenye diski ya ndani, ambayo haiwezi kuchomolewa kwa bahati mbaya. Folda ya mafaili yaliyokamilika inaweza kuwa kwenye diski ya nje, almuradi diski hiyo iwe imechomekwa wakati kazi inapokamilika.

Jambo moja la kuepuka kabisa ni kuweka folda hizi ndani ya eneo linalonakiliwa mtandaoni, kama vile OneDrive au Google Drive. Kila faili litakaloshuka litapandishwa tena juu, na bando litalipia safari mbili kwa mzigo mmoja.

KIASI CHA DATA

Mpangilio muhimu zaidi kwa mnunuzi wa bando haumo katika ukurasa wa jumla bali katika ule wa vibonyezo, ulioandikwa Switches. Huko unaweza kutaja kiasi cha data ambacho programu haitakivuka kwa siku, wiki au mwezi. Kiasi hicho kikifikiwa, programu husimama hadi kipindi kipya kianze.

Kiasi hicho kisilingane na bando lako. Programu hujihesabia data yake tu. Haijui kwamba kivinjari, simu ya mkononi na masasisho ya Windows pia yanakula katika chungu hicho hicho. Mwenye bando la gigabaiti 15 kwa wiki anaweza kuweka kikomo cha gigabaiti 10 na kubakisha 5 kwa mahitaji mengine.

Mabando yasiyo na siku ya kukatika, ambayo Safaricom ilianza kuyauza mwaka wa 2019, yamepunguza haraka ya kutumia data kabla haijakwisha muda. Hayajapunguza uwezo wa programu kuimaliza kwa usiku mmoja.

Wapo wanaodhani kwamba kuitambulisha Wi-Fi katika Windows kuwa ni yenye kupimwa kunatosha. Mpangilio huo huzuia sehemu kubwa ya masasisho ya Windows yenyewe, lakini hauizuii SABnzbd. Kikomo sharti kiwekwe ndani ya programu.

RATIBA NA STIMA

SABnzbd ina ukurasa wa ratiba, ambapo unaweza kuiagiza isimame alfajiri na iendelee usiku, au ipunguze kasi saa za jioni watu wanaporejea kutoka kazini Nairobi na laini kuelemewa. Iwapo bando lako lina saa maalum za usiku, ratiba ndiyo njia ya kuhakikisha kuwa kazi haivuki saa hizo.

Stima ikipotea, foleni haipotei. Programu hukumbuka vipande vilivyokwisha kuandikwa kwenye diski na kuendelea kutoka hapo inapowashwa tena. Kwa hivyo hakuna haja ya kufuta kazi na kuianza upya, jambo ambalo baadhi ya watumiaji hulifanya kwa hofu na kujikuta wakilipia data ile ile mara ya pili.

Kwa wenye mita za tokeni, kuna hatua nyingine ya kubana matumizi. Katika ukurasa mkuu wa foleni unaweza kuiagiza programu izime kompyuta kazi zote zikishakamilika, badala ya kuiacha iwake hadi asubuhi bila sababu.

SEVA NA SHERIA

Mipangilio ya seva huandikwa mara moja tu, kutokana na maelezo utakayopewa na kampuni uliyoilipa. La kuzingatia ni kuchagua mawasiliano yaliyofichwa, ambayo kwa kawaida hupitia lango nambari 563, badala ya lango la zamani nambari 119 ambalo huonyesha wazi jina na nywila yako njiani. Kwa anayetumia Wi-Fi ya wengi, hili si la hiari.

Mgala muue na haki yake mpe: mfumo huu una manufaa yake. Hubeba mijadala ya kitaalamu ya miongo kadhaa na programu huria ambazo waundaji wake wameruhusu zisambazwe. Hata hivyo, filamu, muziki na programu za kulipia zilizomo humo kwa wingi hazikuwekwa kwa ridhaa ya wenyewe.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inawalinda wasanii na waandishi wa nchini sawa na wa nje, na Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Kulipia seva si kulipia kazi ya msanii. Hakuna mpangilio wowote wa programu unaoweza kulihalalisha faili ambalo mwenyewe hakuruhusu lisambazwe.

KWA UFUPI

Kabla ya faili la kwanza, fuata utaratibu huu. Iache anwani ikiwa 127.0.0.1, au uweke nywila. Gawanya kasi ya laini kwa nane, uiandike, kisha uchague asilimia. Weka kiwango cha chini cha nafasi huru ya diski. Weka kikomo cha data kilicho chini ya bando lako. Panga saa. Mwisho, bonyeza kitufe cha kuhifadhi katika kila ukurasa, kwani mabadiliko yasiyohifadhiwa hayatekelezwi.

Kisha ijaribu programu kwa faili dogo la megabaiti chache na uitazame kasi inayoonyeshwa juu ya foleni. Ikizidi ile uliyoikusudia, rudi ukapige hesabu ya biti na baiti upya.

Kazi yote hii haizidi robo saa. Vidokezo hivyo vya kasi, nafasi na kikomo vitakufaa pia katika programu nyingine yoyote ya kupakua mafaili, hata kama hutagusa Usenet maishani mwako.